Nina miaka 63, rohoni 42: je, nimekataa kuzeeka?

"Daktari, salamu kutoka Kisumu. Mimi ni mwalimu mstaafu, mwaka huu nimetimiza miaka 63. Siku hizi nauza nguo za watoto za mitumba sokoni Kibuye. Shida yangu ni kwamba sijihisi mzee hata kidogo. Ukiniuliza nina miaka mingapi rohoni nitakwambia 42. Napanda bodaboda, naimba kwaya, nimeanza kujifunza kompyuta. Juzi nilikuwa nikipita kwenye duka lenye kioo kikubwa, nikamwona mama mwenye mvi anakuja upande wangu, nikampisha. Kumbe ni mimi. Wanangu wanasema nimekataa kuzeeka na kwamba kichwani kuna kitu hakiko sawa. Halafu kuna mdogo wangu wa Bungoma, ana miaka 54. Alifiwa na mumewe miaka miwili iliyopita, goti nalo likaanza kumsumbua. Sasa anasema anajihisi ajuza wa miaka 80. Tangu Aprili hatoki, hata chama ameacha. Nimesoma kwamba anayejihisi kijana huishi zaidi na anayejihisi mzee hufa mapema. Je, mimi nina tatizo? Na yeye nimwambie nini abadilishe mawazo kabla hayajamuua?"

Mwalimu, nimeisoma barua yako mara mbili. Umetumia mistari mingi kujieleza wewe na michache kumweleza mdogo wako, lakini anayenitia wasiwasi ni yeye. Nitakujibu wewe kwanza, kwa sababu jibu lako ndilo litakalotufikisha kwake.

Wewe si mgonjwa. Kujihisi mdogo kuliko kitambulisho kinavyosema ni hali ya watu wengi waliovuka miaka 40. Mwaka wa 2006 watafiti David Rubin na Dorthe Berntsen walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa Denmark, kwa watu wa miaka 20 hadi 97. Waliovuka 40 walijihisi wadogo kwa takribani asilimia 20 ya umri wao. Kwa hesabu hiyo, mtu wa miaka 63 angejiweka kwenye 50 hivi. Wewe umejishusha zaidi, lakini mnatembea njia moja. Vijana wasiofika miaka 25 walikuwa kinyume, walijihisi wakubwa kuliko walivyo, na hilo halitakushangaza wewe uliyeishi na wanafunzi miaka yote hiyo.

Umri huu wa rohoni hutoka wapi? Hakuna kiungo ndani ya ubongo kinachohesabu siku zako za kuzaliwa. Ukiulizwa unajihisi wa miaka mingapi, ubongo huokota ushahidi ulio karibu na kutoa jibu. Ushahidi mzito kuliko wote ni kumbukumbu. Watu wazima wakiombwa kusimulia maisha yao, matukio mengi wanayotoa ni ya kati ya miaka 10 na 30 hivi: shule, kazi ya kwanza, ndoa, mtoto wa kwanza. Ni miaka ya mambo mapya, na jambo jipya hushika kuliko la kila siku. Huyo unayemwita "mimi" alijengwa zaidi wakati huo. Yule mwalimu kijana aliyeshika chaki kwa mara ya kwanza mbele ya darasa zima bado yumo ndani yako, na ndiye anayejibu swali.

Kioo cha dukani nacho kina maelezo yake. Uso hubadilika polepole mno, na katika siku nzima wewe ndiye mtu usiyemwona sana. Ukijitazama nyumbani unajua unayemtafuta, unatengeneza kitambaa, unajipanga. Pale barabarani ulikutana na uso wako bila kuutarajia, jinsi wengine wanavyouona. Wagonjwa wangu wengi hapa Nakuru wamenisimulia jambo hilo hilo, na karibu kila mmoja alidhani ni yeye peke yake.

Kwetu kuna jambo jingine ambalo tafiti za Ulaya hazilitilii maanani sana. Umri huku haujawahi kuwa hesabu ya miaka tu. Nina mzee mmoja ambaye kitambulisho chake kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari. Hana hakika na tarehe hiyo wala na mwaka wenyewe. Anachokumbuka ni kwamba alibebwa mgongoni wakati wa mafuriko ya Uhuru, yale ya mwaka wa 1961. Kule Bungoma aliko mdogo wako, mwanamume Mbukusu akitaka kujua ukubwa wako atauliza rika lako la tohara, kama ni Maina au Chuma au Sawa. Marika hayo yako manane na majina yake huzunguka vizazi na vizazi. Tohara hufanyika Agosti ya miaka inayogawanyika kwa mbili, na kijana huingia mtoni mtoto akatoka mtu mzima. Umri hapo ni cheo unachopewa na watu. Ndiyo maana mwanamke anaweza kuitwa kukhu au dani, yaani nyanya, akiwa na miaka 42, siku binti yake anapojifungua, na hiyo ikawa heshima. Tafiti zilizolinganisha nchi mbalimbali zimeona pengo kati ya umri wa kweli na umri wa rohoni ni kubwa zaidi Marekani na ni dogo Asia na Afrika. Mimi naamini sababu mojawapo ni kwamba penye kuheshimu uzee mtu hana haja kubwa ya kuukimbia.

Wanao wanaposema kichwani kuna kitu hakiko sawa, nadhani wanaogopa ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Siwalaumu kwa hofu hiyo, ila hapa wamechanganya vitu viwili. Wewe unajihisi wa 42 na papo hapo unajua una 63, unajua mwaka tulio nao, unajua umri wa kila mtoto wako. Mwenye ugonjwa ule anaweza kuamini kabisa kwamba ana miaka 25. Jioni anatafuta viatu awahi nyumbani kwa mama yake aliyezikwa zamani, anamwita mwanawe kwa jina la kaka yake. Kumbukumbu za karibuni zimefutika, naye anaishi katika zile zilizobaki. Ukianza kupotea njia ya Kibuye, kushindwa na hesabu ya chenji uliyokuwa ukiifanya bila kufikiri, au kuuliza swali moja mara tatu kwa saa, hapo nenda ukapimwe. Kujifunza kompyuta kwa miaka 63 si dalili ya lolote baya.

Kinachoweza kukuponza ni kuuchukulia umri wa rohoni kama cheti cha daktari. Mwaka wa 2018 Mholanzi mmoja, Emile Ratelband, aliyekuwa na miaka 69, aliiomba mahakama ya Arnhem impunguzie miaka 20 kwenye hati zake kwa sababu alijihisi wa miaka 49. Mahakama ilikataa, ikasema haki na wajibu mwingi kisheria hufuata umri. Mishipa ya damu pia hufuata umri. Presha ya kuanzia 140 kwa 90 haiumi, na mtu anayejihisi wa 42 anaweza kukaa nayo miaka kumi bila kujua. Pima presha na sukari kila mwaka hata kama hujisikii vibaya. Macho pia, kwa sababu mtoto wa jicho huja taratibu, na bodaboda usiyoiona ikija ndiyo itakayokuangusha. Baada ya hedhi kukoma mifupa hupungua uzito, na nyonga ikivunjika hubadilisha maisha ya mtu kuliko mvi zitakavyowahi kufanya. Kwa hiyo endelea kupanda bodaboda, lakini vaa helmeti, na robota la mitumba la kilo 45 mwachie kijana wa mkokoteni. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za kutembea haraka au kazi ya kiasi hicho kwa wiki, na kwa waliofika 65, mazoezi ya usawa wa mwili na nguvu siku tatu au zaidi. Wewe nadhani umekwisha kuzifikisha hizo dakika pale sokoni.

Sasa mdogo wako.

Ulichosoma kina ukweli, lakini umekiweka kichwa chini miguu juu. Mwaka wa 2015 watafiti Isla Rippon na Andrew Steptoe wa London walichapisha matokeo ya Waingereza 6,489 wenye miaka 52 na zaidi. Wastani wa umri wao ulikuwa karibu 66, na wastani wa umri waliojihisi ulikuwa karibu 57. Walifuatiliwa kwa miaka minane hivi. Katika waliojihisi wadogo kuliko umri wao walifariki asilimia 14.3, katika waliojihisi sawa na umri wao asilimia 18.5, na katika waliojihisi wakubwa asilimia 24.6. Ukiishia hapo utasema mawazo yanaua. Lakini jiulize ni nani hujihisi mzee kuliko miaka yake. Mara nyingi ni yule ambaye tayari ana moyo dhaifu, kifua kinachobana, miguu isiyomfikisha kisimani. Watafiti walipoingiza hesabuni magonjwa, shida za kutembea na huzuni, tofauti ilipungua sana. Haikuisha, na iliyobaki ilihusu zaidi vifo vya moyo. Upande wa saratani haikuonekana. Inawezekana anayejiona amekwisha huacha kutembea na kuacha dawa, na hayo nayo yana madhara yake. Lakini sehemu kubwa ya habari ni kwamba hisia ile ilikuwa inatoa taarifa juu ya mwili.

Kuna namba nyingine katika utafiti ule ambayo watu huipita haraka. Waliojihisi wakubwa kuliko umri wao hawakufika asilimia 5. Watu karibu wote hupunguza, wachache sana huongeza. Mdogo wako hakuongeza mwaka mmoja au miwili, ameongeza 26. Mgonjwa akiniambia hivyo huwa naweka kalamu chini na kuanza kumpima upya.

Nilifundishwa hilo na mama mmoja wa Njoro, umri wake 57. Alikuja kwa ajili ya goti. Nilimuuliza, kama ninavyowauliza wengi, anajihisi wa miaka mingapi. Alitazama viganja vyake, akagongagonga ukucha wa kidole gumba mezani, akasema, "Tisini." Viganja vyenyewe vilikuwa vyeupe kama unga. Damu yake ilikuwa 6.8, na mwanamke anapaswa kufika 12. Alikuwa amemeza vidonge vya maumivu vya dukani kila siku kwa miezi saba kwa sababu ya lile goti, vikamtoboa vidonda tumboni, damu ikawa inavuja taratibu na choo kinatoka cheusi. Watu wa nyumbani walimwambia ni uzee. Baada ya matibabu ya miezi minne alirudi, na kabla hajaketi akaniuliza, "Daktari, leo mbona huniulizi umri wangu?"

Kwa hiyo usimwambie mdogo wako abadilishe mawazo. Ukimwambia "jione kijana", unamwongezea kazi juu ya mzigo, na akishindwa atajiona ndiye mwenye kosa. Najua maneno hayo yanauzwa sana siku hizi, kwenye redio na kwenye simu, na wanaoyasema wengi wana nia njema. Mimi sijamwona mgonjwa aliyeponywa nayo. Hisia ya kuwa mzee hupungua kinachoileta kinapotafutwa na kutibiwa.

Kwake naona mambo kadhaa yanayoweza kuwa yameshikana. Kubwa ni sonona, ugonjwa ule wa huzuni unaofunga mtu ndani. Kuomboleza si ugonjwa, na miaka miwili si mirefu kwa aliyezika mume. Lakini mjane anayeomboleza bado huwa na siku ya kucheka na mjukuu, bado hula chakula akipendacho. Mtu akipoteza hamu ya karibu kila kitu kwa zaidi ya wiki mbili, akaacha watu, akaamka saa tisa usiku na usingizi usirudi, akasema hana faida tena, hapo huzuni imevuka mpaka na ina tiba: mazungumzo na mshauri, na wakati mwingine dawa. Yeye ana miezi mingi sasa. Katika umri wa 54 ongeza kukoma kwa hedhi, kunakoweza kuvuruga usingizi na kuleta maumivu ya viungo. Ongeza uwezekano wa upungufu wa damu, sukari, presha, au tezi ya shingo iliyozembea, inayomfanya mtu awe mzito, mwenye baridi na usahaulifu. Kama anatumia metformini ya sukari kwa miaka mingi, vitamini B12 inaweza kuwa imeshuka, na hiyo pekee hutosha kumchosha mtu. Vipimo vingi kati ya hivi ni vya kawaida. Kituo cha afya kilicho karibu kinaweza kuanza, kisha kikamtuma hospitali ya kaunti ikihitajika.

Goti lisidharauliwe kwa kuwa ni goti. Mtu asiyeweza kwenda choo cha nje bila kushika ukuta hukumbushwa uzee wake mara sita kwa siku. Maumivu huchangia kuongeza umri wa rohoni, na hata kwa mtu yule yule siku ya maumivu na mahangaiko hujihisi mzee kuliko siku ya nafuu. Goti lililochakaa hunufaika na misuli ya paja yenye nguvu. Aketi kwenye kiti kigumu, asimame bila kusukuma kwa mikono, aketi tena polepole, mara tano asubuhi na tano jioni, akiongeza kadiri anavyoweza. Akishindwa kabisa aanze kwa kushika meza. Muulize pia anameza nini. Diklofenaki na dawa za aina hiyo zinazouzwa kama peremende hupandisha presha, huumiza figo na kutoboa tumbo. Asizitumie kwa mazoea bila daktari kujua.

Kuna na hili la cheo nililogusia. Mumewe alipofariki, nadhani watu walianza kumtendea tofauti: wakamkalisha pembeni kwenye kiti, wakamletea chai, wakaacha kumuuliza bei ya mahindi. Mtafiti Becca Levy wa Yale alichapisha mwaka wa 2002 matokeo ya watu 660 wa mji mdogo wa Ohio, waliokuwa wamefikisha miaka 50 au zaidi walipohojiwa miaka mingi nyuma. Hawakuulizwa wanajihisi wa miaka mingapi. Waliulizwa wanauonaje uzee wao, kwa mfano kama wanakubali kwamba mtu akizidi kuzeeka anapungukiwa na faida. Waliouona kwa wema waliishi wastani wa miaka 7.5 zaidi ya wengine, hata afya na kipato vilipozingatiwa. Utafiti kama huo hauthibitishi kwamba mtazamo pekee ndio uliowapa miaka hiyo. Lakini unanitosha nisimtendee mjane wa miaka 54 kama mtu aliyekwisha kumaliza kazi yake. Mpe kazi anayoiweza: mtumie nguo kumi za watoto auzie majirani, mwache apange bei mwenyewe. Waombe wanawake wa chama wakutane kwake zamu moja, hata kama hajasema yuko tayari kurudi. Watu wakija huchemsha maji.

Na ongea naye kwa maswali. "Leo unajihisi wa miaka mingapi?" Jumatatu aseme 80, Alhamisi aseme 70 kwa sababu alilala vizuri. Andika kwenye daftari. Namba ikisogea, mwenyewe ataona kwamba haijapigwa muhuri, na utajua kinachoisogeza. Ikikaa 80 wiki tatu mfululizo, huo ni ushahidi wa kumwonyesha daktari.

Usingoje wiki tatu kama amepungua uzito bila kukusudia, kwa mfano kutoka kilo 60 hadi 57 au chini ndani ya miezi sita, kama choo ni cheusi, kama anakosa pumzi akilala chali, au kama anatokwa damu ukeni ilhali hedhi ilikwisha koma. Hayo ni ya wiki hii. Maumivu ya kifua, mdomo kupinda au mkono mmoja kulegea ghafla ni ya dakika hii. Na akisema afadhali angemfuata mumewe, usimkemee wala usigeuze mazungumzo. Muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii mtu wazo, humfungulia mlango. Akikubali, asiachwe peke yake, dawa za shambani zitolewe nyumbani, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Ukipata siku moja ya kufunga biashara, nenda Bungoma umpeleke kliniki mwenyewe. Watu wa huzuni hii husema "nitaenda kesho" mpaka mwaka unaisha, na dada mkubwa aliye mlangoni na bodaboda inayosubiri ni vigumu kumkatalia. Ingia naye ndani, kaa upande wake. Daktari akiuliza shida ni nini, mdogo wako atasema "ni uzee tu, daktari." Hapo ndipo uingilie: sema ana miaka 54, taja goti, taja usingizi, taja kila dawa ya dukani, na useme tangu Aprili.